Mpaka Pazia Lishuke

Kundi lile la maigizo lilikuwa na sheria nyingi, na nyingi zilivunjwa kila siku. Kuchelewa mazoezini kulikatazwa, na watu walichelewa. Kunywa chai ukiwa umevaa nguo za jukwaani kulikatazwa, na hakukuwa na vazi hata moja, la malkia wala la kijakazi, lisilo na doa la chai. Lakini sheria moja hakuna aliyethubutu kuigusa: aliyekufa jukwaani haamki mpaka pazia lishuke. Siafu wakuume, mwenzako mwenye kilo tisini akukanyage vidole, wewe umekufa, na maiti hana malalamiko. Mkuu wa kundi, mzee mfupi mwenye sauti iliyomzidi umbo, alimtangazia sheria hiyo kila mgeni siku ya kwanza, kabla hata hajamwonyesha choo kilipo.

Kasuku aliishika sheria hiyo kuliko wote. Ndiyo iliyomharibia kwa mama yake.

Kasuku si jina la kuzaliwa. Alilipata akiwa na miaka kumi na tisa, alipoingia kundini kama mnong'onezi. Kazi yake ilikuwa kukaa kwenye kigoda nyuma ya pazia la pembeni, daftari magotini, na mwigizaji akisahau maneno, amrushie kwa sauti ya chini itakayofika jukwaani bila kuvuka kwenda kwa watazamaji. Watu huona kazi hiyo ni ndogo kwa sababu haionekani. Ukinong'ona kwa nguvu, ukumbi mzima unacheka. Ukinong'ona kwa woga, mwenzako anabaki kakodoa macho huku jasho linamtiririka. Baada ya miezi sita hakulihitaji tena lile daftari. Aliyajua maneno ya mfalme, ya mke wa mfalme, na ya mlinzi wa mlango ambaye kwa jioni nzima alisema sentensi mbili tu na moja alikuwa akiisahau.

Kisha mwigizaji mkuu akakaukiwa sauti siku mbili kabla ya onyesho. Aliyeyajua maneno yake alikuwa mmoja tu. Wakamtoa Kasuku nyuma ya pazia, wakambana gauni la mwigizaji yule kwa pini mgongoni, wakamwambia asigeuke mbele ya watu.

Alimpelekea mama yake tiketi ya mstari wa tatu, kiti cha pembeni karibu na njia. Mama alikuwa mshonaji, cherehani yake iko dirishani, pini mdomoni tangu asubuhi hadi giza liingie, na hakuwahi kukanyaga ukumbi wa maigizo. Alichojua ni kwamba mwanawe anasoma daftari huko. Siku hiyo alivaa gauni la kwendea harusini, akajitanda mtandio wake wa kijani, akafika saa nzima kabla ya wakati.

Kasuku hakumwambia kwamba mwishoni anakufa. Hakukusudia kuficha, halikumjia tu. Watu wa jukwaani hufa kila wiki na Jumatatu wakaenda sokoni, mpaka wanasahau kuwa wenzao hawajazoea.

Alikufa vizuri siku ile. Alianguka chini taratibu, mkono mmoja ukabaki ukining'inia ukingoni mwa jukwaa, na ukumbi ukanyamaza kabisa. Kisha akasikia kiti kikigonga, viatu vikikimbia, ngazi za mbao zikilia. Halafu sauti ya mama yake iko juu ya uso wake.

"Mwanangu."

Nyumbani kwao, ukiitwa unaitika. Hata uwe bafuni na sabuni machoni, utaitika "abee" kabla hujaitwa mara ya pili, la sivyo utaulizwa kama masikio umeyaweka rehani. Kasuku alisikia. Alihisi mtandio ukitandazwa kifuani pake, alihisi mikono iliyonukia mafuta ya cherehani ikimpapasa mashavu. Mama akaita mara ya pili. Watu wakaanza kucheka, kwanza wachache waliodhani ni sehemu ya mchezo, kisha wote waliotambua kuwa siyo. Pazia lingeshuka wakati huo mambo yangekwisha, lakini kamba ilikwama, na watu wawili waliivuta huku wakitukana kwa chini. Mama akaomba maji kwa watu waliokuwa wakimcheka. Akaita mara ya tatu.

Na Kasuku akabaki amekufa.

Pazia liliposhuka alifumbua macho, akasema, "Abee, mama." Mama hakumpiga wala hakulia. Aliuokota mtandio wake, akaukung'uta vumbi, akashuka ngazi, akaenda zake nyumbani kwa miguu. Kesho yake, wakati wanakunywa chai, alisema neno moja tu kuhusu jambo lile. Alisema alimwita mara tatu, na kwamba mwanawe alisikia. Kasuku alikubali kwamba alisikia. Mama akasema, "Haya," akatia uzi kwenye sindano.

Mkuu wa kundi, kwa upande wake, alimsifu mbele ya wote. Alisema amewaona waigizaji wengi, lakini huyu ndiye aliyezaliwa nayo. Lile daftari la kunong'oneza akapewa mtu mwingine, na Kasuku akawa mwigizaji mkuu kwa sababu ya jambo lile lile alilotamani kulifuta. Mtu akisifiwa kwa kosa lake atafanya nini? Atainama, atasema asante.

Wasidhani watu kwamba mama na mwana walinuniana. Walikula pamoja, walicheka, walisengenya majirani kama kawaida. Ila habari za jukwaani hazikuingia nyumba ile. Kasuku aliigiza miaka kumi na minane katika ukumbi ule, na kila onyesho alimwomba mkata tiketi akiache kitupu kile kiti cha mstari wa tatu. Mkata tiketi, mwanamke mnene mwenye huruma na ulimi mkali, alikuwa akikiwekea mkoba wake, na mtu akilalamika anaambiwa mwenye kiti yuko njiani. Kabla ya kutoka Kasuku alichungulia kwenye tundu la pazia. Aliona watu wazito wa mji, aliona waandishi wa magazeti, aliona wapenzi wakishikana mikono, na aliona ule mkoba. Alipigiwa makofi ya kusimama, akarudi nyumbani akiwa na maua mikononi, na mama akamuuliza kama amekula. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, husema watu. Basi wa mzazi mtoto naye anao, ila haukutungiwa methali.

Ukumbi ule mwishowe ukavuja paa, ukafungwa, ukafanywa ghala la magodoro. Kasuku akaenda kwenye televisheni, akapewa nafasi ya mama mkwe katika tamthilia ya kila jioni, saa moja kamili. Kipindi cha nne tu akamtilia mkwe wake sumu kwenye chai, na tangu siku hiyo mtaani akaitwa Mama Sumu. Muuza nyanya alimhudumia huku kamtazama kwa jicho la pembeni. Mwanamke mmoja asiyemjua alimshika mkono kwenye foleni ya benki, akamwambia kwa upole kabisa kwamba Mungu anamwona. Katika televisheni hakukuwa na watazamaji wa kunyamaza wala wa kucheka. Kulikuwa na taa kali, kamera tatu, na fundi mmoja aliyekuwa akipiga miayo. Alifanya kazi ile kwa bidii, kama mtu anayepika chakula kitakacholiwa nyumba ya jirani.

Lakini televisheni ilikuwa na heri yake. Mama alinunua moja. Alinunua bila kusema, akaiweka karibu na cherehani, na siku ya kwanza saa kumi na moja alimpigia Kasuku simu.

"Leo unakufa?"

Kasuku alikuwa kwenye chumba cha kupakwa poda, mashavu nusu. Ilimchukua muda kuelewa anaulizwa nini. "Leo sifi, mama."

"Haya," mama akasema, akakata simu.

Ikawa hivyo kila jioni kwa miaka tisa. Wenzake walizoea, simu ikilia saa kumi na moja watu wote chumbani walijibu kwa pamoja kwamba leo hafi. Kasuku alicheka nao. Hakuwaambia kwamba siku simu ilipochelewa kwa dakika kumi, hakukubali kupakwa poda mpaka ilipolia. Mama hakusema hata mara moja kama anaigiza vizuri au vibaya. Habari zilitoka kwa wifi yake, mke wa kaka yake, aliyeishi na mama. Wifi alisimulia kwamba mama akiwasha hataki mtu aongee, na kwamba mwaka hadi mwaka anasogeza kiti mbele, siku hizi pua inakaribia kugusa kioo. Walicheka kwenye simu, mtu na wifi yake, wakasema mapenzi hayo.

Hayakuwa mapenzi peke yake. Ilikuwa presha ya macho, na walipoigundua ilikwishakula sehemu kubwa. Kasuku hakujisamehe kile kicheko.

Waandishi walipochoka na Mama Sumu wakamwangusha kwenye ngazi. Jioni hiyo simu ilipolia Kasuku alisema, "Leo nakufa, mama." Mama akamwambia ale mapema asilale na njaa, na wifi alisema baadaye kwamba televisheni haikuwashwa. Mama alikaa akipinda ukingo wa shuka kwa kupapasa.

Akiwa na miaka hamsini na miwili, wakati ambapo wenzake walikuwa wanaitwa kuigiza mabibi wasio na maneno, mwongozaji mmoja mwanamke alimpa filamu nzima. Ilikuwa hadithi ya mlinzi wa stesheni ya treni iliyofungwa, anayeendelea kufagia sebule ya abiria na kupanga foleni ambayo haipo, akingoja treni iliyomchukua mumewe. Mwisho anafia kwenye benchi la kungojea. Kasuku alisoma maandishi yale mara moja, akalia, akasema ndiyo. Walipiga picha kwa wiki saba katika stesheni halisi yenye upepo usiokoma. Mwongozaji alikuwa hamkatishi. Alimwacha afagie mpaka amalize. Kwa mara ya kwanza tangu ukumbi ule ufungwe aliigiza tena bila kukumbuka saa.

Upepo ndio ulioharibu mambo. Fundi sauti alisikiliza kazi yote akashika kichwa: maneno hayasikiki. Ikabidi waigizaji wote waitwe studio warudie maneno yao, kila mtu mbele ya kipaza sauti huku akijitazama kwenye picha. Kasuku alipangiwa siku moja tu, kwa sababu studio ilikuwa imekodishwa na filamu ilikuwa na tarehe yake ya kutoka. Siku hiyo hiyo mama alipangiwa upasuaji wa jicho, na daktari aliyeujua alikuwa mgeni wa wiki moja.

Alijaribu kuomba huku na kule. Hospitali haikusogeza, studio haikusogeza. Mwongozaji alimwambia kwa huzuni ya kweli kwamba watu wa fedha wameshikilia tarehe. Kasuku hakukaa kufikiri sana, na hilo ni la kumhesabia. Siku ile alikuwa kwenye benchi la hospitali akiwa ameshika mtandio wa kijani magotini. Asiyekuwepo na lake halipo: wakamchukua mwigizaji kijana mwenye sauti iliyokaribiana na yake, akasema maneno yote kwa nusu siku. Na bandeji ilipofunguliwa, mama aligeukia dirisha lililokuwa limejaa jua la saa nne, akauliza kama pazia halijafunguliwa.

Kasuku angeweza kuishi na hayo yote. Kilichomshinda ni mama kusema, miezi miwili baadaye, kwamba anataka kupelekwa kwenye filamu.

"Unakufa humo?" mama aliuliza kwanza.

"Nakufa, mama. Mwishoni."

Mama alifikiri, vidole vikizungusha uzi usiokuwepo. "Haya, nimejua mapema. Tena kilichokuwa kinanitisha ni macho, na macho hayapo. Masikio yangu mazima. Nipeleke nikakusikie."

Nikakusikie, alisema. Kasuku alitaka kumwambia pale pale kwamba sauti ya humo si yake, badala yake akamuuliza anataka kwenda siku gani. Wiki tatu alizunguka na neno hilo. Usoni mama alikuwa na furaha ambayo Kasuku hakuwa ameiona tangu siku ya ile tiketi. Alimtuma wifi alete gauni la harusini, akalibana kiunoni kwa kupapasa, akachomwa sindano mara mbili na akacheka. Nani angemkatiza furaha hiyo? Kasuku alijiambia atasema kesho.

Siku yenyewe walifika alasiri, onyesho la saa tisa. Kasuku alichagua mstari wa tatu, viti viwili vya pembeni. Mama alijitanda mtandio ule ule, uliokwisha kupauka ukawa na rangi ya majani ya chai yaliyochujwa, akakaa wima, mikono juu ya mkoba. Taa zikazimika. Muziki ukalia, upepo ukavuma, ufagio ukasugua sakafu. Kisha mlinzi wa stesheni akafungua mdomo na kuwakaribisha abiria wasiokuwepo, kwa sauti nzuri, changa, ya mtu mwingine.

Mama alitabasamu kwa adabu, kama mtu anayemsikiliza msemaji wa kwanza kabla ya mgeni rasmi. Akangoja. Dakika kumi zikapita. Skrini yote ile mbele ilikuwa imejaa uso wa Kasuku, kila kunyanzi lake lina urefu wa mkono. Mama akamwinamia.

"Mbona wewe hutokei? Utatokea lini?"

Hapo Kasuku alihisi kiti kinamdidimiza. Maneno ya kujieleza aliyoyaandaa wiki tatu, ya studio na tarehe na upepo, akayaona yote ni takataka. Alisogeza mdomo kwenye sikio la mama yake. Mlinzi wa stesheni alikuwa anavuta pumzi kuanza sentensi nyingine, na Kasuku akaitangulia, kwa ile sauti aliyojifunza kwenye kigoda nyuma ya pazia, ya kufika panapohitajika na isivuke.

Mama akashtuka. Akashika mkono wa kiti.

"Ndiye huyo," alisema polepole. "Ndiye wewe."

Kasuku hakuacha tena. Alisema maneno yote ya mlinzi, na ya msafiri aliyepotea njia, na ya mkaguzi anayekuja kufunga stesheni, kila mmoja kwa sauti yake, kwa maana hakuwahi kujifunza maneno yake peke yake maishani mwake. Palipokuwa na kimya alimweleza: sasa nafuta benchi, sasa naangalia reli. Bwana mmoja mstari wa mbele aligeuka mara mbili, mara ya tatu akamwita mhudumu. Mhudumu akaja na tochi, akainama kuwaambia wanyamaze. Mama alimgeukia, macho yakapita juu ya bega lake.

"Tuwie radhi, baba," alimwambia. "Mimi sioni. Mwanangu ananionyesha."

Yule mhudumu akamulika tochi usoni kwa Kasuku, kisha akaitazama ile skrini, kisha akarudi kumtazama Kasuku. Akaizima tochi. Bwana wa mbele hakugeuka tena; aliegemea nyuma kidogo, na bila shaka naye alikuwa anasikiliza.

Ikafika mwisho. Mlinzi wa stesheni alikaa kwenye benchi, akakunja koti lake, akaweka kichwa. Mwongozaji aliiacha kamera pale dakika nzima na zaidi, bila muziki, bila neno. Kasuku naye akanyamaza. Hakuamua kunyamaza, mwili wenyewe ulikumbuka. Alikuwa amekufa pale mbele, mkubwa kuliko nyumba, na pazia halijashuka. Ukumbi ulikuwa kimya kabisa, kama ule wa zamani kabla ya kiti kugonga.

Mama alingoja. Mkono wake ukatoka kwenye mkoba, ukapapasa gizani, ukampata Kasuku kwenye kifundo cha mkono.

"Mwanangu."

Miaka thelathini na mitatu ilikuwa ndani ya neno hilo, na Kasuku aliijua yote.

"Abee, mama."

"Umekufa?"

"Nimekufa, mama. Niko hapa."

Mama hakuinuka. Aliuvua mtandio kichwani kwa mkono mmoja, akautandaza kifuani kwa binti yake, akaupigapiga ukae sawa, na ule mkono mwingine hakuuachia. Kisha akaita tena, si kwa hofu sasa, ila kama mtu anayerudia kuonja kitu alichokikosa muda mrefu.

"Mwanangu."

"Abee."

Mbele yao mwanamke kwenye benchi alikuwa bado amelala, uso wake haujatikisika, na watu walikuwa wanalia chini chini. Mama alivuta pumzi. Kasuku alijua kinachokuja, akakaa wima, akafungua kifua kama alivyofundishwa, na mama alipoita mara ya tatu hakunong'ona. Aliitika kwa sauti yake yote, ile ya jukwaani, iliyofika hadi kiti cha mwisho, na ukumbi mzima ukageuka.